Goti la Mzee na Chai Niliyompa

Mimi ni mwoga wa hospitali, na sijawahi kuficha. Sokoni naweza kubishana na mtu mpaka aache mzigo wake akimbie, lakini nikivuka lango la hospitali na kunusa ile dawa ya kusugulia sakafu, ulimi wangu hukauka kabisa. Mume wangu hunicheka kwa hilo. Yeye alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha unga hapa Nakuru tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na kwake kila kitu duniani kinaweza kufunguliwa, kuoshwa na kufungwa tena. Goti lake mwenyewe alilihesabu humo humo.

Kazi yake ilikuwa ya kupiga magoti. Miaka yote hiyo alishinda kwenye sakafu ya saruji chini ya mitambo, akitoka hapo nyumbani anapiga magoti tena chini ya gari la jirani, na Jumapili kanisani yeye ndiye wa mwisho kuinuka kwenye maombi. Basi goti la kulia lilipoanza kulalamika, hakushangaa. Alisema bearing imekauka grisi, kama ya mtambo. Mimi nami, kama kila mwanamke wa kanisa letu, nilijua mafuta ya goti yameisha na dawa yake ni bamia na supu ya kwato. Kwa muda mrefu jikoni kwangu palinuka kwato. Mafuta hayakurudi, ila tumbo lake liliongezeka na goti likazidi kubeba mzigo.

Tuliishi hivyo, yeye akichechemea na mimi nikichemsha, mpaka asubuhi ile alipoingia kwenye nyumba ya kuku kutengeneza chombo cha maji. Tunakaa Lanet, nje ya mji, kwenye kipande cha ardhi tulichonunua alipostaafu, na ile nyumba ya kuku aliijenga mwenyewe, fupi, ya kuingia umeinama. Nilikuwa ninafua nje. Nikasikia akiita, "Mama." Hakuita kwa nguvu. Aliita kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, nami nikaacha nguo kwenye karai nikakimbia.

Nilimkuta amechuchumaa kati ya kuku, jasho linamtoka, mkono mmoja umeshika waya. Goti lilikuwa limekwama. Halikunjuki, halikunjiki zaidi, na kila nilipolishika aliuma meno. Watoto wetu wameoa na kuolewa mbali, nyumbani tumebaki wawili, na wakati ule jirani walikuwa wamekwenda kazini. Nilitandika gunia la chakula cha kuku nikamketisha juu yake, nikaanza kumvuta kuelekea mlangoni kidogo kidogo. Ni mtu mzito. Katikati ya kuvuta, kitu ndani ya goti kikalia, mguu ukanyooka wenyewe, naye akalala chali kwenye maranda akitazama mabati. Hapo ndipo woga uliponiingia, na haukutoka tena. Nilikuwa nimeona jinsi mtu mzima anavyoweza kushindwa kutoka mahali alipoingia kwa miguu yake.

Daktari wa mifupa tuliyempata mjini alikuwa kijana mpole, wa umri wa kitinda mimba wetu. Aliweka picha kwenye taa akatuonyesha. Alisema mwisho wa mfupa umefunikwa na gegedu, ile nyama nyeupe ngumu ambayo ukila kuku unaitafuna kwenye kichwa cha mfupa, na kwamba ya mzee imelika sana upande wa ndani.

"Mzee, sitakudanganya," akasema. "Watu wengi wanakuja hapa wakisema nioshe goti irudi kama ya kijana. Haiwezi. Kwa umri wako, kuosha peke yake haisaidii. Wengi nawaambia wafanye mazoezi, wapunguze uzito, watembee na fimbo. Wewe nakupeleka theatre juu ya hii kukwama tu. Kuna kipande imejitenga huko ndani, inaingia katikati kama mawe kwa mlango. Hiyo naweza toa."

"Toa hiyo, daktari," mume wangu akasema. "Na ukiwa huko ndani, unipigie grisi kidogo."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekwama kwenye maneno yaliyofuata. Matundu mawili madogo. Kamera ndani ya mguu. Sindano ya uti wa mgongo. Ile sindano nilikuwa nimeisikia kwenye mazungumzo ya wanawake, jinsi inavyoacha watu wamekufa kiuno, na hakuna aliyekuwa amenitajia mtu aliyeitoka salama, labda kwa kuwa waliotoka salama hawana hadithi.

"Na asipoamka?" nikauliza.

"Hatalala ile ya kabisa, mama. Ni miguu italala, yeye atasinzia tu."

Jibu hilo lilinitisha kuliko swali langu. Sista akatupa siku, akasema kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo mzee asile kitu chochote. Nilimrudishia maneno yake ili ajue nimesikia. Asile chochote.

Sasa lazima niseme jinsi sisi tunavyohesabu chakula. Baba mkwe wangu aliletwa Nakuru na reli kutoka magharibi, na ingawa wengi wetu tumezaliwa hapa, mezani sisi bado ni wa kule. Mgeni akija akinywa chai na kuondoka, tunasema ameenda bila kula, na tunaona haya. Chai ni ya kumpokea mtu, ya kumfariji, ya kumtoa baridi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ameshiba chai.

Basi asubuhi ile nilitii amri ya hospitali kwa moyo wote. Mkate niliuficha. Ndizi nilizifungia kabatini nikaweka ufunguo kifuani. Kisha nikawasha moto nikachemsha chai, maziwa mengi, tangawizi, sukari ya kutosha, maana Lanet kuna upepo wa asubuhi unaoingia hadi kwenye mifupa na mtu hatoki kwangu akiwa na tumbo baridi. Alikunywa kile kikombe chake kikubwa cha bati. Alipomaliza nikamwongeza. Tukaomba, tukaondoka. Njiani nilijipongeza kwamba angalau kwa hili hakuna atakayenilaumu.

Hospitalini sista wa zamu alimuuliza, "Mzee, umekula?"

"Sijakula tangu jana jioni," akajibu, na ilikuwa kweli tupu. Mimi niliitikia kwa kichwa kando yake kama shahidi.

Wakamvalisha ile kanzu ya kijani iliyo wazi mgongoni. "Ata vifungo hawakuweka," akaninong'oneza. Alinipa kofia yake, saa yake, na yale meno yake matatu ya kubandika yakiwa kwenye kitambaa. Bila meno yale alionekana mzee kuliko nilivyomjua. Wakamsukuma kwa kitanda hadi kwenye mlango mpana wa chumba cha upasuaji, mbele yake sakafuni kuna mstari mwekundu, na hapo nikaambiwa mwisho wangu ni hapo.

Nikaketi kwenye benchi na meno ya mume wangu mapajani. Pembeni yangu alikuwa mwanamke wa makamo, amefunga leso, amebeba chupa ya chai na vikombe ndani ya kikapu. Aliniambia ametoka Karagita, anafanya kazi kwenye shamba la maua, na amemleta mamake kutolewa uvimbe wa shingo. Mamake alikuwa ameingizwa kabla ya mzee wangu.

"Hii ni mara ya pili tunakuja," akasema. "Ile siku ingine walituambia turudi nyumbani."

"Mashine ilikuwa imeharibika?"

"Hapana. Mathe alikuwa amekunywa chai."

Nilicheka. Nilicheka kweli, nikamgusa bega. "Chai tu?"

"Ata mimi niliuliza hivyo. Yule daktari wa kulaza watu akasema chai ya maziwa ni chakula. Ati ikirudi juu wakati mtu amelazwa inaingia kwa mapafu, na mtu anaweza enda hivyo hivyo. Ndio leo nimeibeba kwa chupa, akunywe akitoka."

Nilitazama ile chupa kwenye kikapu chake, chupa ya kawaida yenye maua mekundu, na sikuweza kuitazama tena. Nilihesabu kichwani tangu alipokunywa, nikaona jua lilikuwa halijapanda sana wakati ule na hata sasa halijapanda sana. Kikombe kile cha bati kilikuwa kikubwa, na nilikuwa nimekiongeza.

Mtu angedhani niliruka. Sikuruka. Nilisimama, nikatembea hadi kwenye mstari mwekundu, nikasimama hapo kama mbuzi aliyefika barabarani. Mimi niliyewahi kumfukuza kondakta kwa mwavuli nilishindwa kunyanyua mguu juu ya rangi. Niliogopa sista atanigombeza. Niliogopa mume wangu, ambaye alikuwa amesubiri siku hii na angerudishwa nyumbani na goti lake bovu kwa sababu ya mdomo wangu. Nikajiambia kwamba yeye ni mtu mwenye nguvu, tumbo lake limewahi kusaga mawe. Nikajiambia watamuuliza tena. Lakini nilijua wakimuuliza tena atajibu vile vile, kwa kuwa si mwongo, na mtu asiyesema uongo akikosea ni vigumu kumkamata.

Kilichonisukuma ni kitu cha ajabu kidogo. Kwetu, siku ya mazishi, lazima mtu wa nyumbani asimame aeleze jinsi marehemu alivyougua, tangu mwanzo hadi pumzi ya mwisho, bila kuruka kitu, ili kusibaki minong'ono. Nimesikiliza maelezo hayo maishani mwangu mpaka naujua mtindo wake. Nikajiona nimesimama mbele ya hema, kipaza sauti mkononi, watoto wangu wameketi mstari wa mbele, nikisema, "Asubuhi hiyo aliamka vizuri. Nikampa chai." Nikaona jinsi wazee wangeinua vichwa. Nikavuka mstari na viatu vyangu vya nje, nikausukuma mlango.

Sista mmoja alinijia mikono imetanuliwa. "Mathe, huku hauwezi kuja."

"Amekunywa chai," nikasema.

"Nani?"

"Mzee wa goti."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla tutoke nyumbani."

"Ilikuwa na maziwa?"

Nilimtazama. "Ni chai, sista. Chai iko na maziwa."

Akageuka bila kunigombeza, akaenda mbio, na viatu vyake vya mpira vilipiga sakafu kwa haraka ambayo sikuipenda hata kidogo. Ningefurahi angenigombeza. Nikarudi kwenye benchi nikalia. Yule mwanamke wa Karagita alichukua ile chupa yake akaisogeza upande wa pili, mbali na macho yangu, kisha akanishika mkono akaushikilia.

Hakuna aliyetoka. Kila mlango ulipotikisika nilifikiri ndio hao wanakuja kuniambia. Nilimwomba Mungu, na maombi yenyewe yalikuwa ya aibu, kwa kuwa niliyaanza kwa kujitetea. Nilimwambia sikujua. Nilimwambia kulikuwa na baridi. Baadaye nikaacha kujitetea nikaomba tu kwamba asiniache mimi peke yangu kwenye nyumba ile na kuku wale, na nikasema hivyo kwa sauti bila kujua, maana yule mwanamke alisema, "Amina."

Mwishowe akatoka mwanamke mnene aliyevaa kofia ya kitambaa, akasema yeye ndiye daktari wa usingizi. Alinieleza kwamba waliposikia habari yangu, ile sindano ya mgongo ilikuwa tayari imeingia na miguu imeshakufa ganzi. Kwa kuwa mzee yuko macho na anaweza kukohoa mwenyewe, wameamua kuendelea, ila hawatampa dawa yoyote ya kumsinziza kama walivyokusudia.

"Atakuwa macho mwanzo hadi mwisho," akasema. "Niko kwa kichwa yake, namwangalia. Lakini mama, kama ingekuwa ni ile ya kulala kabisa, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Siku ingine usikae na kitu kama hiyo."

"Amekasirika?"

"Nani, mzee? Tulimuuliza kama amekunywa chai. Akasema, ndiyo, chai nimekunywa, lakini mliuliza chakula."

Wenzake walicheka huko ndani, akaniambia. Mimi nilisikia neno macho. Atakuwa macho wakati wanaingiza vyuma mguuni mwake. Nilikuwa nimemwondolea usingizi kwa mkono wangu mwenyewe.

Walipomtoa alikuwa ametazama dari. Nilijiandaa kutukanwa, nikatembea kando ya kitanda hadi wodini nikingoja. Nilimpa meno yake, akayashika tu. Kisha akasema, "Mama, hebu angalia kama miguu iko."

Nikafunua shuka. Ilikuwepo yote miwili, mmoja umefungwa bandeji. Nikamwambia. Akasema, "Shika." Nikashika vidole. Akaniuliza kama nimeshika, na nilipomwambia ndiyo, akafumba macho. Nilivishika vidole vile nikavisugua mpaka viganja vikaniuma, na havikujua kama nipo. Vilikuwa na joto lakini havina mwenyewe. Hadithi zote za wanawake wa kanisani zilinirudia moja baada ya nyingine. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Chakula cha mchana kilipita, kikarudi. Kisha kidole gumba cha mguu wa kushoto kikatikisika ndani ya kiganja changu, na mimi na yeye tukatazamana.

Daktari kijana alikuja jioni, jua likiwa bado lipo dirishani. Alisema kipande kilichokuwa kinakwamisha goti wamekitoa na hakitasumbua tena. Lakini upande wa ndani, akasema, gegedu imekwisha kabisa, mfupa uko wazi. Maumivu yatabaki. Mazoezi yataleta nafuu, na siku moja huenda ikabidi goti la bandia, Mungu akipenda na moyo wake ukikubali. Nilingoja mume wangu aseme neno la grisi. Hakulisema.

"Niliona kwa televisheni yao," aliniambia daktari alipoondoka. "Walikuwa wameiweka pale juu. Mahali pengine ni nyeupe, laini, safi sana. Halafu kamera ikageuka. Mama, ile kitu imeisha. Ni chuma kwa chuma. Hiyo mashine ningeiona kiwandani ningesema isiwashwe."

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, nasi tukarejea Lanet. Tangu siku ile goti halijakwama. Mkate niliutoa mafichoni ukiwa na ukungu. Anafanya mazoezi yake kitandani, ananyanyua mguu na kuushusha huku akihema, na nimepunguza ugali kwenye sahani yake, ambalo ndilo jambo pekee tunalogombania. Kwenye nyumba ya kuku haingii. Ni mimi ninayeinama.

Kitu kilichobadilika ni kwamba hatanii tena juu ya mwili wake. Hapo mwanzo nilifikiri amenikasirikia kwa ile chai. Jumapili moja, tukijiandaa kwenda kanisani, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na mimi nimepiga magoti sakafuni ninamfunga kamba za viatu, kwa kuwa kuufikia mguu ule bado kunamshinda. Nikaona afadhali niulize.

"Bado umenikasirikia?"

"Kwa nini?"

"Ile chai. Ulikaa macho kwa sababu yangu."

"Pale ndani nilikuwa nimenyamaza, sikuogopa," akasema. "Ata waliponiambia ungeniua na chai nilicheka. Halafu sista akasema, mama yuko hapo nje analia. Hapo ndio niliogopa."

"Uliogopa nini, na mimi niko salama?"

"Nilifikiri siku moja nitakuwa hapo ndani na hautakuwa hapo nje." Alitazama kiatu chake. "Kufa siogopi sana, mama. Naogopa wewe utangulie. Hii miguu nitafanyia nini?"

Nikafunga fundo la pili, nikalikaza, nikampigapiga kiatu kumwonyesha nimemaliza. Kisha nikajaribu kuinuka. Goti langu la kushoto likalia kwa ndani, likagoma, na maumivu yakanipanda hadi nyongani. Nikabaki pale pale.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado kidogo," nikasema, nikafungua kamba nikaanza kufunga upya.